Mwepesi Si Lazima Awe Mwerevu: Saa, Jicho na Mtoto wa Muthurwa

Yeyote aliyewahi kufika Muthurwa jioni, wakati ambapo nusu ya jiji la Nairobi huwa inarejea katika mitaa ya mashariki, anaijua kazi ya kutafuta kwa macho, hata kama hajawahi kuisikia ikijadiliwa na wataalamu wa saikolojia. Mbele yake kuna magari yaliyosongamana, makanga wanaonadi njia zao kwa sauti zilizokauka, mikokoteni iliyosheheni viazi kutoka Marikiti, na wachuuzi waliotandaza mitumba hadi ukingoni mwa barabara. Katika msukosuko huo msafiri hutafuta kitu kimoja tu: tuseme gari namba 58 la Buruburu. Mwenyeji huliona mara moja na kulirukia. Mgeni aliyewasili asubuhi hiyo kutoka Machakos husimama akigeuza shingo huku na huko, mpaka manamba fulani amshike mkono na kumwita mshamba.

Je, mgeni huyo ni mzito wa akili? Hakuna mtu mwenye busara atakayesema hivyo. Lakini mtoto anapochelewa kujibu darasani, hukumu hiyo hiyo hutolewa bila ya kufikiriwa mara mbili. Lugha yetu yenyewe hutusaidia kuitoa. Twasema fulani ni "mwepesi wa kufahamu" na mwenzake ni "mzito", kana kwamba fahamu ni gunia linalobebwa na hamali. Na lugha hiyo hiyo, kwa upande wa pili, hutuonya kwamba haraka haraka haina baraka na kwamba mwenda pole hajikwai. Kiswahili basi kina nia mbili kuhusu jambo hili, na si Kiswahili peke yake. Sayansi nayo ilitumia zaidi ya karne moja kujaribu kulitatua.

Kisa chenyewe kilianza kwa mtu kupoteza kazi. Mnamo 1796, katika kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, mkuu wa kituo Nevil Maskelyne alimfukuza msaidizi wake, David Kinnebrook. Kosa la kijana huyo lilikuwa kuchelewa. Kazi yao ilikuwa kuitazama nyota ikikatiza uzi mwembamba ndani ya darubini, huku wakisikiliza mapigo ya saa, kisha kuandika wakati kamili wa tukio hilo. Hesabu za Kinnebrook zilizidi kuachana na za mkubwa wake, hadi tofauti ikafikia sehemu nane za kumi za sekunde. Maskelyne hakuwa na shaka kwamba mwenye kasoro ni msaidizi. Ilichukua miaka zaidi ya ishirini kabla ya mwanafalaki Mjerumani, Friedrich Bessel, kujilinganisha na wenzake na kugundua kwamba hata mabingwa hawakubaliani: kila mtazamaji ana kiasi chake cha kuchelewa au kutangulia. Kwa hivyo saa ya Maskelyne haikuwa kipimo cha haki. Ilikuwa desturi ya mtu mmoja iliyofanywa sheria kwa sababu mwenyewe alikuwa mkubwa. Sijui kama kuna mwalimu asiyemtambua Maskelyne katika chumba cha walimu cha shule yake.

Hatua iliyofuata ilipigwa Utrecht, Uholanzi, na daktari Franciscus Donders, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1868. Walimu wa madarasa ya chini watafurahi kusikia kwamba miongoni mwa vifaa vyake mlikuwa na silabi zile zile wanazoandika ubaoni kila Januari: ka, ke, ki, ko, ku. Mtu mmoja hutamka silabi na mwingine huirudia upesi awezavyo. Kwanza anayejibu huambiwa mapema kwamba itakuwa "ki" na si nyingine. Kisha huambiwa yaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Muda wa pili huwa mrefu kuliko wa kwanza, na Donders akasema, kwa hoja iliyo nyepesi lakini yenye ubunifu mkubwa, kwamba ukitoa wa kwanza katika wa pili utapata muda ambao akili iliutumia kutambua na kuchagua. Tangu hapo fikira ilianza kupimwa kama vile fundi apimavyo ubao. Ikajulikana pia kwamba muda wa kuitikia si kitu kimoja. Una vyumba ndani yake: kuona, kutambua, kuamua, kusogeza mkono au ulimi. Mtoto aliyechelewa amechelewa katika chumba gani? Anayemwita mzito hajawahi kuuliza.

Si wote waliokuwa na subira ya Donders. Francis Galton alifungua maabara yake London mwaka 1884, akawatoza watu senti tatu za Kiingereza kila mmoja ili wapimwe nguvu za ngumi, ukali wa macho na wepesi wa kuitikia, akiamini kwamba mwenye hisi kali na mwitiko wa haraka ndiye mwenye akili kubwa. Imani hiyo ilivuka bahari hadi Marekani, ambako James McKeen Cattell aliwapima wanafunzi wa chuo kwa vipimo vya namna hiyo. Mwanafunzi wake, Clark Wissler, alipolinganisha vipimo hivyo na alama za masomo mwaka 1901, hakuona uhusiano wa maana baina ya mambo hayo mawili. Ni haki kusema kwamba tafiti za baadaye, zilizofanywa kwa vyombo bora na kwa watu wa aina nyingi zaidi, zimeonyesha kuwa uhusiano upo, lakini ni wa kadiri. Hautoshi kamwe kumtia mtoto mmoja katika fungu la werevu na mwingine katika fungu la wajinga.

Turudi sasa Muthurwa, maana hapo ndipo mambo yanapoiva. Mtaa huu ulikuwa makao ya wafanyakazi wa Reli tangu enzi za ukoloni, na mwaka 2008 soko kubwa pamoja na kituo cha magari vilifunguliwa kwenye ardhi iliyokuwa ya Reli, kwa nia ya kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji. Miaka minne kabla ya hapo, Februari 2004, zilikuwa zimeanza kutekelezwa kanuni za usafiri ambazo Wakenya huzihusisha na jina la waziri John Michuki, na mojawapo ya kanuni hizo iliagiza kila matatu ichorwe mshipi wa rangi ya manjano. Mshipi huo ni jaribio zuri la saikolojia ambalo serikali ililifanya bila kukusudia.

Ukiwa kando ya barabara miongoni mwa magari ya kibinafsi na unatafuta matatu yoyote, mshipi wa manjano hukurukia machoni. Huhitaji kulikagua gari moja baada ya jingine, na hata magari yakiwa mengi kiasi gani, kazi haiongezeki. Lakini ukiingia ndani ya kituo cha Muthurwa, ambamo kila gari lina mshipi, alama hiyo hukosa faida yote. Sasa huna budi kuunganisha sifa kadhaa: basi kubwa au gari dogo, rangi hii au ile, namba hii na si nyingine. Hapo jicho hulazimika kutembea kutoka gari hadi gari, na kila gari linaloongezwa huongeza muda.

Hayo ndiyo aliyoyathibitisha mwanasaikolojia wa Kiingereza, Anne Treisman, aliyefariki mwaka 2018, katika makala aliyoiandika pamoja na Garry Gelade mwaka 1980. Waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi kwenye kadi. Herufi ya buluu kati ya herufi za rangi nyingine ilionekana kwa muda ule ule, ziwe herufi tano au thelathini. Lakini T ya kijani iliyofichwa kati ya T za kahawia na X za kijani ilikuwa taabu. Kila herufi iliyoongezwa iliongeza muda, na pale ambapo herufi iliyotafutwa haikuwapo kabisa, nyongeza hiyo ilikaribia kuwa maradufu, kwa sababu asiyeiona hulazimika kupitia zote. Treisman alieleza kwamba macho hupokea rangi na umbo kwa mpigo mmoja mahali pote, lakini kuzifunga sifa mbili katika kitu kimoja kunahitaji umakini, na umakini huenda mahali pamoja kwa wakati. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu wakati huo. John Duncan na Glyn Humphreys walionyesha mwaka 1989 kwamba muhimu zaidi ni jinsi kinachotafutwa kinavyofanana na vilivyokizunguka, na jinsi hivyo vyenyewe vinavyofanana. Funzo kwa mwalimu halijabadilika: mtu yule yule, kwa macho yale yale, huwa mwepesi au mzito kulingana na mpangilio wa kazi aliyopewa.

Na kulingana na mazoea pia. Tazama wanawake wanaochambua maharagwe sokoni. Mkono hupita juu ya ungo na kijiwe hutoka, nami nikikaa hapo na shahada yangu ya uzamifu nitatoa maharagwe na kuacha mawe. Muuza mitumba naye hupekua rundo na kuchomoa shati moja la maana kabla mteja hajajua rundo lina nguo gani. Ulric Neisser na wenzake walilieleza jambo hili katika miaka ya 1960. Waliwapa watu mazoezi ya siku nyingi ya kutafuta herufi katika orodha ndefu, na hatimaye watu hao wakaweza kutafuta alama kumi kwa pamoja kwa kasi ile ile ya kutafuta moja. Neisser aliwataja pia watu walioajiriwa kukata habari za magazetini kwa niaba ya wateja, ambao walipitia kurasa kwa kasi ya ajabu wakitafuta mamia ya majina kwa wakati mmoja. Hawakuzaliwa na macho hayo.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi ni wa Robert Serpell, aliyewalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kazi ya kunakili maumbo, akachapisha matokeo mwaka 1979. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Kiingereza walishinda. Walipotumia waya, Wazambia walishinda. Walipotumia udongo wa kufinyanga, walitoshana. Mzazi yeyote wa Eastlands aliyemwona mwanawe akiunda gari la waya, lenye usukani unaogeuka, hatashangazwa na matokeo hayo. Linalostahili kumshangaza ni kwamba mtihani wa kalamu peke yake ungemwandika mtoto huyo kuwa hana kipaji.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji atanivumilia nikiivutia kamba upande wangu. Lugha nayo imo ndani ya saa. Warusi wana majina mawili ya kawaida kwa rangi tunayoiita buluu: moja ni la buluu nzito, jingine ni la buluu nyepesi. Mwaka 2007 Jonathan Winawer na wenzake walionyesha kwamba wasemaji wa Kirusi hutofautisha vivuli viwili vya buluu kwa haraka zaidi pale vivuli hivyo vinapoangukia majina mawili tofauti. Wasemaji wa Kiingereza hawakuwa na faida hiyo. Zaidi ya hayo, Warusi walipoambiwa wakariri tarakimu moyoni huku wakifanya kazi hiyo, faida yao ilitoweka. Jina la rangi lilikuwa likilisaidia jicho kichinichini.

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi iliyo vivumishi kamili: -eupe, -eusi na -ekundu. Husema gari jeupe, gari jeusi, gari jekundu. Rangi nyingine nyingi huazima jina la kitu na kuunganishwa kwa kihusishi: gari la kijani kutokana na majani, la kijivu kutokana na jivu, la kahawia kutokana na kahawa, la manjano kutokana na kiungo cha mapishi. Simaanishi kwamba Mswahili haoni kijani upesi. Mtu asiyetofautisha sarufi na jicho ndiye atakayedai hivyo. Ninachodai ni kwamba hili ni jaribio la kufanywa hapa kwetu, na watoto wa hapa kwetu, badala ya kungoja matokeo ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani tuyameze kama dawa.

Tazama jambo jingine. Soma sentensi hii: Vitabu vile vidogo viwili vilianguka. Maneno matano, na yote huanza kwa sauti moja. Upatanisho wa kisarufi ndio uzuri wa lugha zetu za Kibantu, lakini kwa jicho linalopekua ukurasa likitafuta neno fulani, mianzo hiyo inayofanana ni kama mishipi ya manjano ya Muthurwa: inakwambia neno ni la ngeli gani, haikwambii ni neno lipi. Kinachotofautisha kimezama katikati ya neno. Tena neno lenyewe ni refu. "Hawatatuambia" ni neno moja kwetu. Mwingereza atahitaji maneno matano kusema hayo.

Hesabu hiyo si mchezo wa wanaisimu. Katika mradi wa Tusome, uliopelekwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia 2015, ufasaha wa kusoma ulipimwa kwa idadi ya maneno ambayo mtoto huyasoma sawasawa kwa dakika moja. Kigezo cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Walioweka tofauti hiyo walifanya jambo la busara ambalo Maskelyne hakulifanya: waliirekebisha saa kulingana na kazi. Kama wangetumia kigezo kimoja, watoto wetu wangeonekana wazito katika lugha wanayoielewa zaidi. Hata hivyo mzazi anayeletewa namba hizo mbili bila maelezo atadhani mwanawe amebobea katika Kiingereza na kulala katika Kiswahili, na nimewasikia watu wazima walioelimika wakisoma takwimu za namna hiyo kwa njia hiyo hiyo. Tukumbuke pia kwamba mtoto wa Muthurwa mara nyingi hucheza kwa Sheng, huamkuana na nyanya yake kwa lugha ya tatu, kisha hutakiwa kujibu swali la hisabati kwa Kiingereza. Kila mpito kati ya lugha hizo ni chumba kimoja zaidi katika nyumba ya Donders.

Kuna wale watakaosema: lakini kasi ni kasi, na dunia haimngoji mtu. Mallory Wober alichunguza nchini Uganda maana ambayo watu huipa akili, na mwaka 1974 akaeleza kwamba wanavijiji waliihusisha na utulivu, uangalifu na kutokuwa na haraka, ilhali watu waliozama zaidi katika elimu ya Kizungu waliihusisha na wepesi. Ni wazi basi kwamba ibada ya haraka ilikuja na kengele ya shule. Sitasema wanavijiji walikuwa sahihi katika kila jambo. Dereva anayeteremka Barabara ya Jogoo akimwona mtoto amekatiza mbele yake anahitaji wepesi, si hekima ya wazee. Lakini ziko kazi ambazo haraka ndiyo adui. Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba mtu anapotafuta kitu ambacho huonekana mara chache sana, huzoea kusema "hakipo" upesi mno. Kitu kilipokuwapo katika nusu ya picha, watafutaji walikikosa mara 7 katika kila 100. Kilipokuwapo katika picha moja tu kati ya 100, walikikosa mara 30 katika kila 100. Fikiria askari anayepekua mikoba mlangoni pa jengo la Nairobi tangu asubuhi. Fikiria pia mwalimu anayesahihisha insha ya sitini usiku wa manane.

Darasani dawa ipo, nayo haina gharama. Mary Budd Rowe, aliyerekodi masomo ya sayansi katika shule za Marekani na kuandika kuhusu jambo hili katika miaka ya 1970, aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja takriban sekunde moja tu, kisha humwendea mwanafunzi mwingine au hujibu mwenyewe. Walimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliosema hawajui walipungua, na wale waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Hesabu sekunde tatu kimoyomoyo mbele ya wanafunzi hamsini na utaona zilivyo ndefu. Lakini anayelitafsiri swali kutoka lugha moja hadi nyingine hawezi kumaliza kabla ya hapo.

Na kwa mwalimu atakaye wanafunzi wake wajionee wenyewe, rula ya sentimita 30 yatosha kuanza nayo. Mmoja huishika juu, mwenzake huweka vidole viwili wazi penye sifuri bila kuigusa, kisha rula huachiliwa ghafla naye huidaka. Akiidaka penye sentimita 20, amechukua sehemu mbili za kumi za sekunde. Warudie mara kumi na waandike kila tokeo, ili wajionee jinsi mtu mmoja anavyotofautiana na nafsi yake. Baada ya hapo watwae vipande vya katoni na kalamu za rangi mbili, wachore herufi kama za Treisman, tano katika kipande kimoja na thelathini katika kingine, wapimane zamu kwa zamu kwa saa ya simu, mwalimu akiwa wa kwanza kupimwa. Vipande kadhaa visiwe na herufi inayotafutwa kabisa, ionekane ni nani anayesema "haipo" kabla hajamaliza kutafuta.